KUULIZA SI UJINGA: JINA LAKO LINA MAANA GANI?

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Methali hii tulifunzwa tangu shule ya msingi, na wengi wetu huitumia tu kupambia insha. Lakini je, msomaji mpenzi, umewahi kuipima uone kama ni kweli? Mimi nimejaribu kuipima katika makala haya. Nataka kueleza jinsi udadisi, yaani ile hamu ya kutaka kujua, unavyoweza kuwafanya watu wa makundi mbalimbali waoneane huruma na kusikilizana. Nitaeleza pia kwamba si kila swali ni jema. Kuna swali la kujenga na swali la kubomoa, na cha ajabu ni kwamba mara nyingine ni swali lile lile moja.

UDADISI NI NINI?

Mtazame mtoto wa miaka minne. Atakuuliza kwa nini mwezi unamfuata, kwa nini kuku hana meno, na kwa nini babu anakohoa usiku. Hana nia mbaya. Hajui, na anataka kujua. Huo ndio udadisi.

Watu wengi huuchanganya udadisi na upekuzi au umbeya. Mpekuzi hutafuta siri ya mtu ili amshike nayo. Mbeya huuliza ili apate la kwenda kusimulia kwingine. Mdadisi huuliza ili aelewe, basi. Na kuna alama moja kubwa ya kumtambua: mdadisi hana jibu tayari kichwani. Ukimwuliza mtu jambo huku umeshaamua utakachosikia, hapo hujauliza. Umetega.

Huruma nayo inahusiana vipi na kuuliza? Tuna methali isemayo kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Ni kweli kabisa. Siwezi kulala katika vitanda vya wanafunzi wote wa shule hii nikahesabu kunguni wao. Lakini naweza kumwuliza mwenye kitanda. Nikimsikiliza vizuri, siku nyingine nikimwona anasinzia darasani sitasema ni mvivu. Nitajua anakolala.

TULIVYOGAWANYIKA

Shule yetu ni ya kutwa, na Nakuru ni mji wa watu wa kila aina. Darasani mwetu kuna Wakikuyu, Wakalenjin, Waluo, Waluhya, Wakisii, Wakamba na Wasomali. Wako wanaotoka mitaa yenye lami na wako wanaovuka mitaro ya maji machafu kabla ya kufika barabarani. Kengele ya jioni ikilia, kila mmoja anashika njia ya kwao. Hatulali pamoja wala hatuli chakula cha jioni pamoja, kwa hivyo mtu anaweza kukaa na mwenzake darasa moja miaka mitatu na asijue lolote kumhusu isipokuwa alama zake za hesabu.

Pale pasipo na habari huingia uvumi. Eti kabila fulani wanapenda pesa kupita kiasi. Eti wale wengine ni wachawi. Eti hawa ni wajeuri, na wale hawaogi. Kila mmoja wetu ameyasikia maneno haya, kwenye matatu, sokoni, hata jikoni kwao. Ukimwuliza anayeyasema ameyaona wapi, anakujibu, "Si kila mtu anajua?" Huyo hakuuliza hata siku moja. Alipokezwa tu, naye anapokeza.

SWALI LILILOUA

Sasa nije kwenye jambo zito. Hapa Kenya kuna swali moja ambalo watu wazima huliuliza kwa sauti ya chini: "Jina lako lingine ni nani?" Ukishasema jina la ubatizo, Peter ama Mary, mtu anataka lile la pili ili ajue kabila lako. Wengi huuliza bila ubaya wowote. Lakini swali hilo limewahi kumwaga damu.

Baada ya uchaguzi wa tarehe 27 Desemba 2007, nchi yetu iliingia katika ghasia. Tume iliyoongozwa na Jaji Philip Waki ilihesabu watu 1,133 waliouawa, na mamia ya maelfu walihama makwao. Hapa Nakuru moto ulifika mwishoni mwa Januari 2008. Barabarani vijana waliweka vizuizi vya mawe na magogo, wakawasimamisha abiria na kudai vitambulisho. Kitambulisho cha Kenya hakiandikwi kabila, lakini jina lilitosha. Jina moja lilikupitisha, jingine lilikuua.

Jirani zetu wa Rwanda waliona makubwa kuliko hayo. Huko vitambulisho viliandikwa kabila tangu utawala wa Wabelgiji katika miaka ya 1930, na wakati wa mauaji ya halaiki ya 1994 karatasi hiyo ndiyo iliyokuwa ikitazamwa kwenye vizuizi.

Mimi na wenzangu wa kidato cha tatu hatukuwa tumezaliwa, au tulikuwa wachanga wa kubebwa mgongoni. Ukiuliza nyumbani unaambiwa, "Achana na hayo, soma." Lakini jirani yetu mmoja, mama anayeuza mboga, alikubali kunisimulia. Alisimamishwa kwenye kizuizi na jina lake lilikuwa jina lisilofaa upande ule. Kijana mmoja katika lile kundi akasema, "Huyu ni mama sukuma. Namjua. Ana watoto watatu, yule mdogo anaugua pumu." Wakamwachilia. Kijana huyo alikuwa mteja wake. Aliyajua hayo kwa sababu jioni akinunua mboga alikuwa akiuliza, "Mtoto ameamkaje?" Swali la shilingi kumi za sukuma wiki ndilo lililomwokoa.

Hebu tazama vizuri, msomaji. Wale wengine waliuliza jina wakaishia hapo, kwa sababu jibu walikuwa nalo tayari. Kijana huyu alikuwa ameuliza zaidi ya jina, siku nyingi kabla. Mbele ya wenzake palikuwa na adui. Mbele yake palikuwa na mama wa mtoto mgonjwa.

SWALI LILE LILE, NIA NYINGINE

Muhula wa kwanza mwaka huu mwalimu wetu wa Kiswahili alitupa zoezi katika kipindi cha isimujamii. Alisema kila mtu aandike maana ya jina la mwenzake, si jina lake mwenyewe, na huyo mwenzake awe anatoka jamii nyingine. Kulikuwa na minong'ono. Wengine walisema ni kuchokoza nyoka shimoni. Lakini zoezi ni zoezi, tukaulizana. Majibu yalipoandikwa ubaoni, tulishangaa.

Tuanze na mvua. Msichana Mkamba aitwaye Mumbua, au mvulana aitwaye Wambua, jina lake linatokana na mvua. Kwa Wabukusu mvulana wa mvua ni Wafula na msichana ni Nafula. Kwa Waluo ni Okoth na Akoth. Kwa Wakalenjin ni Kiprop na Cherop. Kwa Wasomali yuko Roble, na mvua kwao ni "roob", neno linalokaribiana sana na la Kikalenjin. Wakikuyu nao huita mvua "mbura", Wakamba "mbua", Waswahili "mvua". Yaani darasa zima lilikuwa limenyeshewa na mvua moja, ila kila mmoja alidhani mvua yao ni ya peke yao!

Tukaja kwenye usiku. Mutuku wa Ukambani, Otieno wa Nyanza na Kipkemboi wa Bonde la Ufa, wote majina yao ni ya aliyezaliwa usiku. Kyalo kwa Kikamba ni safari, Kipruto kwa Kikalenjin ni aliyezaliwa safarini, na Oyoo kwa Kijaluo ni wa njiani. Hapo mwenzetu mmoja akasema, "Kumbe akina mama zetu wote walishikwa na uchungu barabarani!" Darasa likacheka.

Kisha tukafika kwenye majina ambayo hayakuchekesha. Wanjala wa Waluhya na Okech wa Waluo ni majina ya njaa. Mtoto alizaliwa wakati chakula kimekwisha, na jina likabaki kuwa kumbukumbu, hata kwa mjukuu anayezaliwa leo wakati ghala limejaa. Njaa haikuuliza kabila. Na wako wanaobeba jina la kurudi: Musyoka kwa Wakamba ni aliyerudi, Njoki kwa Wakikuyu ni aliyerudi, na Kariuki ni aliyefufuka. Mvulana mmoja mwenye jina kama hilo, mpole ambaye hata sauti yake hatukuwa tukiisikia sana, aliulizwa na msichana wa jamii nyingine kwa nini aliitwa hivyo. Akajibu kwamba kabla yake kuna ndugu yake aliyefariki akiwa mchanga, naye alipozaliwa mama yake alisema mtoto amerudi. Darasa likanyamaza. Halafu yule msichana, ambaye naye alikuwa na jina la kurudi, akamwambia, "Basi mimi na wewe tumerudi pamoja." Mpaka leo wawili hao husoma kundi moja la kemia. Kabla ya hapo makundi ya kusoma yalikuwa yakipangwa kwa lugha ya mama, na hakuna aliyeyapanga, yalijipanga tu.

Mwalimu alimalizia kwa neno moja, "mtu". Wakikuyu na Wakamba husema "mundu", Wameru "muntu", Wabukusu "omundu", Wakisii "omonto", Wagiriama "mutu". Utadhani ni neno moja lililopita katika vinywa mbalimbali, na ndivyo ilivyo, kwa maana lugha hizi zote ni za Kibantu.

KWA NINI KUULIZA KUNALETA HURUMA?

Nimelifikiria jambo hili nikaona sababu tatu.

Kwanza, swali hubadilisha kundi likawa mtu. Ni rahisi kuwachukia "wao". Ni vigumu kumchukia mtu ambaye unajua mtoto wake ana pumu.

Pili, anayeulizwa kwa heshima huona amethaminiwa. Mtu akikuuliza maana ya jina lako na kukaa kimya akisikiliza, hata wewe unataka kumjua. Udadisi mzuri huambukiza.

Tatu, swali humlazimisha mwulizaji anyamaze. Huwezi kusikiliza na kuropoka kwa wakati mmoja.

Na jambo hili si la makabila peke yake. Kuna kijana katika kidato chetu aliyekuwa akichelewa karibu kila Jumatatu, hata akabandikwa jina la kupanga. Siku moja mwenzake wa dawati akamwuliza, si kwa dhihaka, "Kwani Jumatatu kuna nini?" Akaelezwa kwamba mtaani kwao maji ya mfereji hutoka usiku wa Jumapili tu, na yeye ndiye mkubwa kwao, hivyo hukesha kwenye foleni na mitungi. Tangu siku hiyo mwenzake humwandikia noti za somo la kwanza. Umaskini wa yule kijana haukwisha. Maji bado hutoka Jumapili. Lakini mzigo ulipata wa kuubeba upande wa pili.

WAMAKONDE: MAJIRANI WASIOULIZWA

Nitatoa mfano mwingine wa nchi nzima. Wamakonde walikuja pwani ya Kenya kutoka Msumbiji wakati wa ukoloni kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na miwa. Wengi waliishi Kwale. Walizaa, wakajukuu, wakazikana huku. Watu walivinunua vinyago vyao maarufu na kuviweka sebuleni. Lakini ni wangapi waliomwuliza mchongaji, "Ndugu, una kitambulisho?"

Hawakuwa nacho. Kwa miongo mingi walikuwa watu wasio na nchi. Bila kitambulisho huwezi kupiga kura, huwezi kufungua akaunti ya benki, hata laini ya simu huandikishi kwa jina lako. Mwezi wa Oktoba 2016 walifunga safari kutoka Kwale hadi Nairobi kudai haki yao, na Wakenya wa jamii nyingine wakafuatana nao. Rais wa wakati huo, Uhuru Kenyatta, aliamuru wapewe vitambulisho, na mwaka 2017 wakatambuliwa kuwa kabila la 43 la Kenya.

Somo ninalolipata ni hili: huruma isiyouliza hubaki sebuleni pamoja na kinyago. Wale waliouliza ndio waliojua tatizo liko wapi, na wakijua, wakatembea nao.

ADABU ZA UDADISI

Kuuliza nako kuna adabu zake, la sivyo utapigwa ngumi ukasema Chama cha Kiswahili ndicho kilichokutuma.

Anza na jambo dogo. Huwezi kumwendea mtu usiyemjua ukamwuliza baba yake alikufaje. Mwulize kwanza jina, chakula, ama wimbo wanaoimbiwa watoto kwao.

Usiulize mbele ya watu jambo linaloweza kumwaibisha. Mwenzako asiyekula saa saba huenda anafunga Ramadhani, na huenda kwao hakuna kitu. Muulize mkiwa wawili.

Uliza kwa heshima ya umri. Kwa mzee utaanza na "Shikamoo" ama salamu ya kwao, na utasubiri akuitikie. Wazee wengi wana habari lakini hawaongei na mtu anayetazama saa.

Ukiambiwa "sitaki kusema", itikia "sawa". Mwenye siri ana haki ya siri yake.

Ulichoambiwa ni amana. Ukikitoa nje unageuka mbeya, na huyo mtu hatajibu swali la yeyote tena.

Mwisho, uwe tayari kuulizwa. Si haki kufungua mlango wa mwenzako huku wako umeutia komeo.

JE, SI AFADHALI TUNYAMAZE?

Najua wako watakaosema, "Wewe kijana, kuulizana makabila ndiko kunakotugawanya. Tusahau hayo mambo, sisi sote ni Wakenya." Wanaosema hivyo wana nia njema, na baadhi yao waliyaona ya 2008 kwa macho yao. Siwadharau. Lakini nawauliza kwa heshima: je, tulipokaa kimya, uvumi nao ulikaa kimya? La hasha. Uvumi ndio uliobaki ukizungumza peke yake. Kabila halifutiki kwa kutotajwa. Kinachofutika ni nafasi ya kujua kwamba Wambua na Okoth ni jina moja.

Wengine watasema maswali hayazuii vita, kwamba vita huletwa na siasa, ardhi na ukosefu wa kazi. Hilo nalikubali. Maana ya jina haigawi shamba wala haimpi kijana ajira. Lakini mwanasiasa akija kuwasha moto, hutafuta nyasi kavu, na nyasi kavu ni watu wasiojuana. Yule mama wa mboga hakuokolewa na hotuba wala na sheria siku ile. Aliokolewa na mtu aliyemjua.

Shime basi, wanafunzi wenzangu! Likizo ya Agosti inakaribia. Chama chetu kinaomba kila mwanachama amwulize jirani mmoja wa jamii nyingine maswali haya matano, ayaandike katika daftari na kuyaleta muhula wa tatu:

1. Jina lako lina maana gani, na ulipewa na nani?
2. Kwenu mtoto akizaliwa mnafanya nini?
3. Ni chakula gani ukikila kinakukumbusha kwenu?
4. Watu husema nini kuhusu jamii yenu ambacho si kweli?
5. Ni jambo gani ambalo ungependa watu wakuulize na hakuna aliyewahi kukuuliza?

Walimu wetu nao wanakaribishwa, hata wale wa hisabati. Daftari zitakusanywa na katibu wa chama Ijumaa ya kwanza ya muhula, saa kumi jioni, chini ya mti wa mjakaranda.